Pazia Nyuma ya Profesa

Nimestaafu nikiwa bado na nywele zote nyeusi. Tonton Richard, mjomba wa kila mtu hapa, anasema jambo hilo linafaa kuchunguzwa. Yeye ndiye fundi wa mitambo wa kitivo chetu cha tiba hapa Kisangani: dishi lililo juu ya paa, jenereta iliyo nyuma ya choo, na kila waya inayopita katikati, vyote ni vyake. Kwake mtu hastaafu mpaka magoti yamkatae. Nilimwambia kazi hazifanani, mwanajeshi hustaafu mapema na mcheza mpira vilevile. Akaniuliza mimi ni yupi kati ya hao. Kazi niliyoifanya haina jina. Barua ya kuajiriwa iliniita msaidizi wa masomo ya mbali. Wanafunzi waliniita Mikono.

Ninaandika kwa ajili ya Sifa, ambaye anaichukua nafasi yangu, na kwa atakayemfuata ikiwa vita vitaendelea, maana kazi hii ilizaliwa na vita na sioni dalili kwamba vimechoka. Mambo ya vyeo na mshahara nayaruka. Cheo sikupanda, na mshahara mnaujua. Nitaeleza kazi inavyofanywa, na jambo moja ambalo hamtalikuta katika maelekezo yoyote. Ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Profesa wetu wa neurolojia, yaani tiba ya ubongo na mishipa ya fahamu, anaishi Goma. Nitamwita Prof, kama tunavyomwita sote. Alipoteuliwa, mpango ulikuwa mwepesi: angekuja kwa ndege mara kadhaa kwa mwaka, akae wiki chache, afundishe darasa la mwisho, awapime, kisha arudi kwake na samaki wa kukaushwa kama kila mgeni wa mji huu. Vita vikamtangulia. Uwanja wa ndege wa kule ukafungwa, barabara ikabaki ya wafanyabiashara wenye roho ngumu, na Prof hakuwahi kukanyaga Kisangani. Kitivo kikawa na njia mbili: kuwaacha wanafunzi wangoje vita viishe, au kujaribu mtandao. Watu waliokaa kwenye kikao kile walikuwa wameshaona vita huisha namna gani hapa. Wakachagua mtandao.

Mimi nilikuwa nimemaliza masomo karibuni na nilikuwa wodini, ambako tabia yangu ya kuuliza kila kitu ilikuwa imewachosha watu. Nadhani ndiyo sababu mkuu wa idara alinitaja mimi. Nilipinga. Nilimwambia neurolojia haifundishwi kwa picha. Tabibu wa moyo ana mashine, tabibu wa mapafu ana picha zake, lakini tabibu wa neva ana vidole vyake na nyundo ndogo. Anagonga, anavuta, anachoma kwa pini, na jibu linakuja kupitia ngozi. Nani atagusa, ikiwa mwalimu yuko upande wa pili wa vita? Mkuu wa idara alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bon. Donc ni weye njo utagusa."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Somo la kwanza: ukiwa na hoja nzuri, angalia unamwambia nani.

Vifaa vya siku ya kwanza vilikuwa hivi: nyundo moja ya kugongea magoti ambayo kichwa chake cha mpira kilishikwa na plasta, uma wa chuma wa kupimia kama mgonjwa anahisi mtetemo, pamba, pini za kufungia nguo, na tochi. Shuka la hospitali lilitundikwa ukutani liwe skrini. Kamera ilifungwa kwenye mti wa kutundikia maji ya dripu, na hilo lilikuwa wazo la tonton Richard. Mpaka leo sijaona stendi iliyo bora kuliko hiyo.

Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa papa Kasongo, mfanyabiashara mzee kutoka Maniema, aliyepooza upande wa kushoto. Alikuwa ameambiwa ataonwa na profesa, kwa hiyo alivaa koti juu ya pajama. Uso wa Prof ulipotokea kwenye shuka, mkubwa kama mlango, aliutazama kwa muda, kisha akaninong'oneza.

"Docta, ule mama ananiona, ao ni miye tu njo namuona?"

Nilimhakikishia kwamba anamwona. Akajiweka sawa, akamsalimu salamu ndefu ya heshima, akauliza habari za Goma, za watoto, za mabomu, za bei ya maharage. Prof akajibu yote moja baada ya jingine, bila haraka, wakati jenereta inakula mafuta. Kisha akauliza mikono iliyokuwa imeonekana pembeni mwa picha ni ya nani. Nilipofungua mdomo kujibu, sauti yangu ikakatika kwenye mtandao. Akasema basi, haidhuru. "Mikono, anza na goti la kuume."

Jina likabaki hapo.

Nilipiga. Prof alikunja uso na kuniambia ninapiga kama mtu anayeua nyoka. Nyundo ina uzito wake, niiache ianguke. Nilirudia mpaka papa Kasongo akauliza kama kosa ni la goti lake. Siku ile nilirudi nyumbani nikiamini nilikuwa nimemwambia mkuu wa idara kweli. Wiki zilizofuata zilinipunguzia imani hiyo kidogo kidogo, na mtu mwenye tabia kama yangu hapendi kupunguziwa imani hata ya mambo mabaya. Prof alikuwa anaona. Aliona dole gumba la mguu likiinuka kabla mimi niliyelishika sijaliona. Alinifundisha kusimama mahali ambapo kivuli changu hakianguki juu ya mgonjwa, kutaja kwa sauti kile ninachohisi kwa vidole, na kutosema "kawaida" kabla ya kugusa upande wa pili na kulinganisha.

Mtandao nao ulikuwa na ualimu wake. Kwenye skrini nyundo inagonga, na mguu unaruka baadaye, kama vile goti limefikiria kwanza. Wanafunzi walizoea. Mmoja wao alipopelekwa wodini kwa mgonjwa wa kweli, aligonga goti, akainamisha kichwa pembeni, akangoja. Mguu ulikuwa umesharuka na kurudi. Mgonjwa akamuuliza kwa upole kama kuna kitu kingine. Mwanafunzi akaandika kwamba miitikio ya neva iko polepole. Prof alicheka mpaka akavua miwani, kisha akatupa ile kanuni ambayo darasa lilikuja kuiandika ukutani:

"Kila kitu munaona, mutoe kwanza rezo. Chenye kinabaki njo mugonjwa."

Toa mtandao kwanza. Tukaishi kwa kanuni hiyo. Sauti ya mgonjwa ikikatika, tunatoa mtandao. Mkono ukitetemeka kwa vipande, tunatoa mtandao. Ilikuwa kanuni nzuri. Ilitufaa sana mpaka siku ilipotupofusha.

Kabla ya hapo nieleze upande wa kazi hii ambao Sifa hatauona kwenye barua yake. Ni kazi ya upweke. Chumba kimejaa watu na hakuna anayekutazama. Wanafunzi wanatazama shuka. Mgonjwa anatazama shuka. Prof anatazama mikono yako, na mikono ikifanya vizuri hasemi kitu, maana hakuna anayesifia mikono yake mwenyewe. Madaktari wa wodini waliniona kama mtu wa mitambo. Tonton Richard aliniona kama daktari. Mama yangu yuko Kindu, na mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Tulikuwa tukipigiana kelele kwa simu, anauliza nimekula, ninajibu nimekula, inakatika. Nilipanga chumba upande wa Tshopo, karibu na bwawa. Jioni nilikuwa nasikia maji kuliko watu. Yapo maneno machache ambayo nilikuwa nikiambiwa kila wiki bila kukosa, nayo hayakuwa yangu peke yangu. Mwisho wa kila somo Prof alisema, "Kwaheri, Kisangani," mji mzima kwa pamoja, na akakata. Nilikuwa nakunja waya huku nikijibu kimoyomoyo kwa niaba ya mji.

Mgonjwa mgumu kuliko wote alikuwa msichana kutoka Banalia, kule barabara ya kaskazini kwenye mto Aruwimi, ambako kifafa kimeenea vijiji vizima. Alianguka katikati ya somo. Wazazi wake walirudi nyuma mpaka ukutani, kwa sababu kule watu wanaamini mate ya mgonjwa yanaambukiza, na mtu akianguka hata karibu na moto hawamshiki. Nusu ya wanafunzi wangu, watu wa mwaka wa mwisho wa udaktari, walirudi nyuma pamoja na wazazi. Sauti ya Prof ilikuwa inatoka ukutani kwa vipande, haieleweki. Aliyepiga magoti pamoja nami ni Sifa, wakati huo mwanafunzi aliyekuwa hafungui mdomo darasani. Alimgeuza msichana ubavu, akaweka kiganja chake chini ya kichwa, mate yakamlowesha mpaka kwenye saa. Ilipopita, hakuufuta mkono wake. Alimpa mama wa yule msichana mkono uleule amsalimu. Mama aliutazama kwa muda mrefu kabla ya kuushika. Tangu siku hiyo nilijua nani atashika nyundo baada yangu, na nilianza kuwaza juu ya Banalia.

Sasa nifike kwenye pazia.

Prof anafundishia sebuleni kwake. Nyuma yake kuna dirisha, na dirisha lina pazia la kitenge cha buluu chenye picha za ndege kanga. Upepo wa ziwa unalipeperusha. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kulitilia maanani, kama usivyotilia maanani ukuta.

Katika mwaka wa mwisho wa kazi yangu, mtandao ulianza kuwa mbaya. Ndivyo tulivyosema. Sauti ya Prof ikawa ndogo, mwisho wa sentensi ukawa unamezwa. Wanafunzi wakawa wanapaza, "Prof, rezo," naye anarudia, na kurudia kwenyewe ni kwa sauti ndogo vilevile. Uso wake ukawa unasimama: unasikia anasema mzaha, lakini uso umeganda kama picha iliyokwama. Tulikuwa tunangoja utembee. Maandishi yake kwenye kibao cheupe alichokishika mbele ya kamera yakawa yanaanza makubwa na kuishia madogo kama sisimizi, tukasema kamera yake imechoka. Tonton Richard alipanda juu ya paa karibu kila wiki. Aligeuza dishi, akalirudisha, akaliwekea mawe, akasingizia mvua, kisha akasingizia jua.

Asubuhi moja mtandao ulikuwa safi. Nilijua ni safi kwa sababu nilisikia muuza mkate akipita barabarani Goma, mwito wake wote, kutoka mwanzo wa mtaa mpaka mwisho. Prof alikuwa anaeleza jambo kwa sauti ile ndogo, uso umesimama. Wanafunzi wakalalamika juu ya mtandao. Sifa akaongeza sauti ya spika. Tonton Richard akatoka kwenda kwenye ngazi. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa mgonjwa, sina la kufanya, nikitazama shuka. Nikaona upepo unaingia. Pazia likajaa, likainuka, likashuka taratibu, kila mkunjo mahali pake, kanga wote wakipanda na kushuka. Halikukwama hata kidogo. Mbele ya pazia hilo uso wa Prof haukutikisika.

Nilitoa mtandao. Kilichobaki kilikuwa yeye.

Siku ile nilikunja waya kama kawaida. Mtu anayeuliza kila kitu anapaswa kujiuliza na yeye pia. Niliwaza kwamba mtu anayeishi katika mji ulio vitani ana haki ya kuwa na uso uliokauka. Niliwaza huzuni, uchovu, kukosa usingizi. Tulikuwa na masomo tuliyoyarekodi kwa siku ambazo umeme unakatika, nikayatazama peke yangu baada ya kazi, yale ya mwanzo kisha ya karibuni. Katika yale ya mwanzo anainuka kufunga dirisha na mikono yake yote miwili inayumba. Katika yale ya karibuni mkono wa kuume umelala ubavuni kama mfuko alioubeba. Hatetemeki. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka, maana watu wengi, hata madaktari, wakisikia Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoukaza mwili na uso, wanangoja kutetemeka. Na aliyetufundisha kwamba si lazima mgonjwa huyo atetemeke alikuwa yeye.

Somo lililofuata nilingoja darasa litoke. Aliposema "Kwaheri, Kisangani," nilipaza sauti kabla hajakata, nikamwomba anisamehe, nikamwomba afanye kile anachowafanyisha wagonjwa: kidole cha shahada na dole gumba, kufunga na kufungua, kwa upana, kwa haraka, mkono mmoja mmoja.

Hakuuliza kwa nini. Aliinua wa kushoto, ukaenda vizuri. Akauinua wa kuume. Ukaanza kwa upana, ukapungua, ukawa mdogo, ukasimama.

"Umeona nini?" Ilikuwa sauti ya mtihani.

"Inaanza kubwa, inapunguka, inasimama."

"Toa rezo."

"Niliisha toa, Prof. Pazia yako inaenda muzuri."

Aligeuka kulitazama pazia. Aligeuka na mwili wote, kama mtu aliyevaa kitu kigumu shingoni. Alipogeuka tena nilisikia anacheka, lakini usoni hakukuwa na kicheko.

"Assani," alisema. Sikujua kwamba analijua jina langu. "Nilikuwa nangojea. Nilijiambia niko na darasa muzima yenye kuniangalia kila juma. Hakuna mugonjwa hapa duniani mwenye anaangaliwa na madocta wengi hivi. Wataona. Mukasema ni rezo."

Nilimwambia kanuni ile ni yeye aliyetupa.

"Najua. Njo maana sikukasirika."

Nikamuuliza nani amempima kule. Hapo akaweka kibao chake kando, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo nilitamani mtandao uwe ndio mbaya.

"Hapa neurolog ni miye. Mutu akigonjwa kichwa, banamuleta kwangu. Miye banipeleke kwa nani?"

Wenzake walikuwa wamekimbia, kila mmoja upande wake. Dada yake naye alikuwa ameondoka na watoto. Alikuwa amejipima mwenyewe mbele ya kioo, lakini kuna kipimo ambacho mtu hawezi kujifanyia: kuuchezesha mkono uliolegezwa, ili kuhisi kama una ugumu. Kwa hilo unahitaji mikono ya mtu mwingine. Na nilikuwa mbali, upande wa pili wa msitu wote huu, nikiwa na mikono miwili iliyofundishwa na yeye mwenyewe.

Tukafanya kinyumenyume cha kazi yetu. Wiki iliyofuata alimwita jirani yake, maman Neema, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, aliyeingia na aproni yake na kuuliza kwanza kama kamera inanusa. Mimi nikawa sauti, yeye akawa mikono. Nikamwambia akamate kiwiko kwa mkono mmoja na kiganja kwa mwingine, auzungushe mkono wa Prof polepole, Prof asisaidie. Ilibidi nimwambie aache kubana. Nilijisikia nikisema maneno yaleyale niliyoambiwa juu ya nyoka. Nikamuuliza anahisi nini.

"Haiendi moja kwa moja," alisema maman Neema. "Inakwama, inaenda, inakwama. Sawa chukudu kwenye mawe."

Chukudu ni baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo kule Goma, na barabara zao ni za mawe ya volkano. Prof alifumba macho. Alisema hajawahi kupata maelezo bora kutoka kwa mwanafunzi yeyote. Kisha akamshukuru jirani yake, akamwomba asimwambie mtu, na maman Neema akajibu kwamba akianza kusema mambo ya watu sokoni hatauza samaki.

Prof alijua hatari iliyopo. Angejulikana kuwa mgonjwa, kitivo kingeweza kufuta somo, na hakuna mwingine wa kulifundisha. Wanafunzi wangekaa mwaka mzima bila kuhitimu. Nilidhani atanyamaza. Badala yake aliwaambia yeye mwenyewe. Aliniagiza nicheze masomo mawili yaliyorekodiwa, la zamani na la karibuni, bila sauti, na akawauliza darasa wamwone mgonjwa. Sifa ndiye aliyeinua mkono, akasema dalili moja moja, na alipofika mwisho hakuweza kulitaja jina la ugonjwa. Prof alilitaja. Akasema kichwa chake bado kinafundisha, na kama kuna anayeona vinginevyo aende kwa mkuu wa idara. Hakuna aliyekwenda. Tonton Richard hakuwamo, alikuwa uani akibishana na jenereta.

Dawa ilikuwa kazi nyingine. Kule ilikuwa haipatikani, kwa hiyo mwenzangu wa darasa la zamani aliituma kwa ndege kutoka Kinshasa, na kutoka hapa nilitafuta mtu wa barabara. Nilielekezwa Makiso, katikati ya mji, kwa maman Kavira, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo ambaye watu wake huenda mpaka Goma kwa njia wanazozijua wao. Aliuliza mzigo ni wa nani. Nikasema ni wa mtu muhimu kwangu ambaye sijawahi kukutana naye. Alinitazama kwa huruma.

"Papa, mapenzi ya telefone ni shida," alisema. "Utafute mutu wa karibu."

Sikumsahihisha. Aliishona dawa ndani ya mkunjo wa kitenge. Nilibaki nimesimama nje ya duka, toleka zikipita na abiria wao nyuma ya baiskeli, nikifikiri kwamba kitu nilichokishika kwa vidole vyangu hatimaye kitashikwa na vyake.

Wiki zilipita bila habari. Kisha asubuhi moja Prof alitokea kwenye shuka, akasalimu, na mwanafunzi mmoja akajibu swali kwa ujinga mkubwa sana. Prof akacheka. Uso wote ukacheka, macho, mashavu, paji. Hakuna aliyeandika kitu. Sifa aliinamisha kichwa juu ya meza. Tonton Richard alikuwa mlangoni na bisibisi mkononi, akatazama shuka, akatutazama sisi, akapanua kifua.

"Munaona? Niligeuza dishi kidogo tu."

"Merci, tonton," Sifa alisema bila kuinua kichwa. "Sasa tunaona muzuri."

Mpaka leo anawaeleza watu digrii alizoligeuza. Msimwambie.

Aliyeniambia niondoke ni Prof mwenyewe. Alisema nimekaa mno ndani ya waya, kwamba mikono inayogusa kwa ajili ya macho ya mtu mwingine mwishowe inasahau kutafuta yenyewe. Nilibisha, kwa mazoea. Kisha nikaomba kwenda Banalia, kwenye kifafa, mahali ambapo simu inashika ukipanda kilima na mtu akianguka watu wanarudi nyuma. Siwezi kudai kwamba nilisadiki yote. Bado naona kwamba neurolojia haifundishwi kwa picha. Ila sasa najua kuna mtu aliyeonekana kwa picha tu, na asingeonekana vinginevyo.

Somo langu la mwisho lilikuwa wiki iliyopita. Alisema "Kwaheri, Kisangani," kama kawaida, wanafunzi wakatoka, lakini hakukata. Bila kuambiwa aliinua mkono wa kushoto, akafunga na kufungua vidole, kisha wa kuume. Nikamwambia nilichoona. Akasema asante, Assani. Tukakaa hivyo mpaka umeme ukaamua kukatika.

Kwa hiyo, Sifa. Nyundo mpya iko kwenye kabati, lakini ile yenye plasta inaanguka vizuri zaidi. Usisimame kwenye mwanga. Taja unachohisi. Na kila wiki, kabla wanafunzi hawajaanza kulalamika, tazama nyuma yake. Pazia likikwama pamoja na uso, ni mtandao, mwite tonton Richard apande paa. Pazia likienda na uso ukabaki, barabara imefungwa tena na dawa haijafika. Usipoteze muda na dishi. Shuka Makiso kwa maman Kavira, na akikuuliza kama na wewe una mtu wa telefone, mwambie ndiyo.